Konrodi Haichakai? Yanayosemwa na Yanayopimika

Anayefumua injini nyumbani huwa mkali kwa silinda na krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni): atapima, atarudia, ataandika. Zamu ya konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenkshafti, ikifika, anaiosha kwa mafuta ya taa, anaipangusa na kuirudisha. Ukimuuliza, jibu lake ni moja: "Konrodi haichakai, kinachochakaa ni beringi."

Ni kweli kwamba beringi, vile vipande viwili vyembamba vinavyokaa kati ya konrodi na krenkshafti, ikikaa mahali pake bila kuzunguka, tundu kubwa la konrodi (la upande wa krenkshafti) halisuguani na kitu. Lakini linavutwa. Pistoni ikifika juu mwishoni mwa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuisukuma irudi. Inabidi ivutwe, na mzigo wote huo unaning'inia kwenye kofia, ile nusu ya tundu inayofunguka, na bolti zake mbili. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, hilo hutokea mara 3000 kwa kila pistoni. Taratibu tundu linarefuka wima na kujibana pembeni, pale kofia inapokutana na konrodi. Linakuwa yai. Kwa macho huoni kitu.

Na kwa vernia, kile kipimo cha taya zinazoteleza, pia huoni, ingawa wengi huapa kwamba vernia inatosha. Vernia nzuri ya kielektroniki huonyesha 0.01 mm, ila kosa lake linaweza kufika 0.02 au 0.03. Sasa linganisha na nafasi ya mafuta, yaani uwazi kati ya beringi na shingo ya krenkshafti (sehemu ya duara ambamo konrodi hukaa): kipimo cha kukadiria kilichozoeleka ni sehemu moja katika elfu ya kipenyo cha shingo hiyo, yaani shingo ya mm 50 hutaka kama 0.05 mm. Kifaa kinakula nusu ya kitu unachokitafuta! Pima shingo kwa maikromita, kisha dayali geji ya tundu (kipimo cha mshale cha kupimia ndani ya tundu) iweke sifuri kwenye maikromita hiyo hiyo. Hata ikiwa maikromita inadanganya kidogo, inadanganya sawasawa pande zote mbili, na tofauti inabaki ya kweli.

Kosa linalowapoteza wengi zaidi ni kudhani kofia ikikazwa kwa mkono inatosha kupimia. Mimi lilinipoteza. Niliweka konrodi ya kwanza mezani, bolti nimezisokota kwa vidole tu, geji ikaniambia wima umezidi kwa 0.04 mm. Nikaitenga kama chuma chakavu. Kesho yake niliisafisha kingo, nikaibana kwenye jiriwa yenye mbao mdomoni, nikatia mafuta kwenye nyuzi za bolti na kukaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, mpaka kipimo cha kitabu cha injini. Nilipopima tena, 0.04 ilikuwa imebaki 0.01. Tundu hilo lilichongwa kiwandani kofia ikiwa imekazwa. Ukiilegeza, unapima umbo ambalo injini hailijui. Pima pia kwa bolti zile zile utakazofungia, kwa sababu bolti mpya zinaweza kubadilisha namna kofia inavyokaa. Na zile ambazo kitabu kinasema hurefuka zikikazwa na hazirudiwi, usizirudie.

Usipime mara moja ukaridhika. Pima wima, halafu nyuzi 45 kulia, halafu nyuzi 45 kushoto, karibu na kingo zote mbili za tundu. Ukiwa umeshaweka beringi na unatafuta nafasi ya mafuta, soma wima. Vipande vya beringi hutengenezwa vyembamba kidogo kwenye maungio, kwa hiyo anayepima pembeni hupata namba kubwa na kulaumu beringi isiyo na kosa.

Beringi hizo hizo, ukizipachika, ncha zake huchomoza kidogo sana juu ya ukingo wa konrodi. Kuna watu huzisugua kwa msasa "zikae sawa". Tafadhali, weka msasa chini. Uchomozi ule ndio unaoikandamiza beringi kwenye tundu, ipitishe joto na isizunguke.

Kuna pia hofu isiyo na sababu: konrodi ikicheza kushoto na kulia kwenye shingo, mtu husema imekufa. Imeachiwa nafasi hiyo makusudi; ipime kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi) na ulinganishe na kitabu. Cha kuogopa ni kucheza juu na chini. Ukikisikia kwa mkono, uchakavu umeshavuka mpaka. Usipokisikia, bado hujathibitisha chochote.

Kofia kubadilishana? Hapana, hata zikifanana kama mapacha. Weka alama ya rangi kabla ya kufungua. Konrodi nyingi za kisasa hupasuliwa kiwandani badala ya kukatwa, na chembechembe za mpasuko huo huingiana na kofia yake tu. Usizipige tupa.

Joto nalo lina neno lake. Chuma cha mm 50 kikipanda nyuzijoto 10 hurefuka karibu 0.006 mm. Acha konrodi, krenkshafti na vifaa vya kupimia vilale usiku kucha meza moja.

Kuhusu kupinda, kuitazama konrodi dhidi ya mwanga hakusaidii, hasa kama injini iliwahi kumeza maji. Anza kwa kuitazama pistoni yake. Ikiwa imesuguka juu upande mmoja na chini upande wa pili, kama mstari wa mshazari, peleka konrodi hiyo ikapimwe kwa fimbo mbili zilizonyooka, moja katika kila tundu.