Kupandisha wimbo si kusajili haki zake

Rapa wengi wa kike wasio na lebo huamini kwamba wimbo ukishaingia Spotify kupitia msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya muziki, pesa zote zitawafuata. Sivyo. Mara nyingi msambazaji hukusanya fungu la rekodi tu. Fungu la utunzi, yaani mashairi na biti, kwa kawaida hukusanywa na chama cha hakimiliki, na huko lazima ujisajili mwenyewe.

Kabla hamjatoka studio, andikeni karatasi ya mgawo wa utunzi: majina halisi, asilimia, sahihi, jumla 100. Prodyuza akisajili 50 nawe ukajaza 70, malipo yanaweza kuzuiwa hadi mwafikiane.

Ukishirikishwa, jina lako liingizwe kwenye sehemu ya wasanii, tena kwa tahajia ileile ya siku zote. Likiandikwa kwenye kichwa cha wimbo tu, wimbo hauonekani kwenye ukurasa wako. Msikilizaji aliyependa ubeti wako hana pa kubofya. Hapa ndipo umaarufu wa wengi unapovujia.

Tunza pia ISRC, ule utambulisho wa rekodi wenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ukihama msambazaji bila kuubeba, hesabu ya mara wimbo uliposikilizwa inaweza kuanza upya kwenye sifuri.