Je, wajua kwa nini salfa huila metali hata pasipo tone la maji?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu tayari: gesi yenye salfa huila bomba kwa sababu salfa hugeuka asidi. Katika dohani lililopoa hilo ni kweli kabisa. Mvuke hutona, asidi ya salfuriki hutiririka ukutani, na chuma kinatafunwa. Lakini ndani ya tanuri lenye nyuzi 600 za Selisiasi tone hilo litoke wapi? Asidi ya majimaji haipo, na metali inaliwa vilevile, mara nyingi upesi kuliko inavyoliwa na hewa. Katika viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, ulaji huu huanza kutiliwa maanani kwenye nyuzi 260 hivi.

Nilikosea kudhani kwamba salfa lazima igeuke kitu kingine kwanza. Kwenye jedwali la elementi imekaa chini ya oksijeni moja kwa moja, na kazi inayoifanya ni ileile: kuungana na metali. Tofauti iko kwenye gamba linalobaki juu.

Fikiria ukumbi ambao kila kiti kina mtu. Aliye nyuma hawezi kusogea mbele hata akitaka. Gamba la oksidi ya kromi, lile linaloilinda feleji isiyoshika kutu, liko hivyo: mapengo ni machache mno. Sasa mwondoe mtu mmoja katika kila wanane. Jirani wa kiti kitupu anahamia, anaacha chake wazi, wa nyuma yake naye anahamia, na muda si mrefu watu wa nyuma wako mbele bila mtu kuruka safu. Salfidi ya chuma, yaani gamba la chuma kilichoungana na salfa, hufika huko: katika umbo lake la Fe7S8, nafasi moja kati ya nane za chuma ni tupu. Atomi za chuma hupanda kiti kwa kiti hadi juu, zinakutana na salfa, na gamba linanenepa huku ukuta ukikonda. Gamba nene, basi, ni hesabu ya metali iliyokwisha kupotea.

Nikeli nayo ilinidanganya. Huyeyuka kwenye nyuzi 1455, nikadhani kadiri inavyozidi kwenye aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ndivyo kinga inavyozidi. Kumbe ikichanganyika na salfidi yake, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 640 hivi. Aloi ya gharama inatoka jasho. Ndiyo maana penye salfa nyingi na oksijeni haba, aloi za chuma na kromi mara nyingi hupendelewa. Gesi zote mbili zikiwapo mambo huwa magumu: oksidi hutangulia, kisha salfa hupenya. Kama hupitia nyufa au mipaka ya chembe, yaani mishono kati ya fuwele ndogo za gamba, wataalamu hawajaafikiana.

Hata silikoni kidogo huleta tofauti kwenye feleji ya kawaida. Agosti 6, 2012, huko Richmond, California, bomba la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka na moto ukawaka. Kipande kilichopasuka kilikuwa na silikoni kidogo sana, na kilikuwa kimekonda kuliko viwiko jirani (vipande vya kona vya bomba) vyenye silikoni zaidi. Vipimo vya unene vya miaka iliyotangulia vilikuwa vikichukuliwa kwenye viwiko.