Kina cha kushusha chaji: kinachoamua betri ya sola itadumu miaka mingapi

Anayenunua betri ya sola Kariakoo huuliza ni ya ampea ngapi, kisha anauliza bei. Swali lenye uzito kuliko hayo mawili husahaulika: kila usiku nitaishusha hadi wapi? Sehemu ya umeme wa betri unayoitumia kabla ya kuijaza tena ndiyo inayoitwa kina cha kushusha chaji. Ukitumia nusu, kina ni asilimia 50. Kwenye karatasi ya maelezo ya betri utakikuta kimeandikwa kwa herufi DOD.

Kina hiki kina uzito kwa sababu ya kinachotokea ndani. Betri nyingi za majumbani, ziwe za maji au za geli, zina sahani za madini ya risasi. Umeme unapotoka, sahani hizo hufunikwa na chembe za salfeti ya risasi, na ukichaji mapema chembe hizo huondoka. Ukishusha sana, na hasa ukiiacha betri chini kwa siku kadhaa, chembe hukua, hugeuka ngumu, na chaji haiziondoi tena. Sehemu ya sahani iliyofunikwa hivyo haifanyi kazi tena. Hapo ndipo fundi anakwambia betri haishiki chaji.

Kampuni ya Victron, kwa betri zake za geli, inaonyesha mizunguko kama 500 ukishusha asilimia 80 kila mara, 750 ukishusha 50, na 1,800 ukishusha 30. Mzunguko mmoja ni kushusha na kujaza. Kwa mtu anayeishusha kila usiku, 500 ni chini ya mwaka mmoja na nusu, na 1,800 ni karibu miaka mitano.

Chukua nyumba ya Chanika yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Taa nne za wati 7 kwa saa tano zinakula 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne, 160. Mpaka hapo umetumia robo tu, na betri iko salama. Sasa washa feni ya wati 50 usiku kucha, saa nane: 400 nyingine. Jumla 700, yaani asilimia 58, na bado hujahesabu umeme unaopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Siwezi kumwambia mtu wa Dar alale bila feni mwezi wa pili. Lakini feni ya DC, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, ya wati 20 inakula 160 tu kwa muda huohuo, na jumla inarudi 460, chini ya asilimia 40. Kwa maoni yangu, fedha ya kununua feni hiyo ina faida kuliko kukimbilia betri ya pili. Ukiongeza betri hata hivyo, ziwe za aina moja na umri mmoja, maana iliyochoka huivuta mpya chini.

Joto nalo linaumiza. Makadirio ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Mchana wa Januari hapa mjini unafika nyuzi 32 kivulini, na kibanda cha bati kinazidi hapo sana. Iweke betri ndani, chini, penye kivuli na hewa. Ya maji isikae chumba cha kulala, kwa sababu ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Maji yake yakipungua, ongeza maji ya betri peke yake, kamwe si ya bomba wala tindikali.

Usiitegemee chaji kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, ikulinde. Nyingi hukata umeme kwenye volti 11 hivi, wakati nusu ya betri ilishapita zamani. Tumia mita: alfajiri, vifaa vikiwa vimezimwa kwa muda na jua halijaanza kuchaji, volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu hivi, na chini ya 12 umeishusha mno.

Masika ndiyo kipimo kigumu, kuanzia Machi hadi Mei. Mawingu yakikaa siku tatu, paneli haijazi kilichotumika, na kina huongezeka usiku kwa usiku bila mtu kugundua. Siku hizo punguza televisheni na feni, au kama una TANESCO na inveta yako inachaji, jaza betri kwa umeme wa gridi mpaka mwisho. Betri ya lithiamu inavumilia hali hiyo vizuri zaidi, kwani hushushwa hadi asilimia 80 na haidhuriki ikikaa nusu. Bei yake ni kubwa, na kontrola lazima ipangwe kwa lithiamu kabla hujaiunganisha.