Nyota za nani? Maana ya mwanaastronomia

Jioni moja tukiwa tunapepeta dagaa, binti wa kaka yangu, aliye kidato cha nne, alimwambia bibi yake: "Bibi, mimi nikifaulu nataka kusomea nyota." Bibi hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Za nani?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa halali. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku nyota ina mwenyewe. Kuna mwenye nyota kali, kuna mwenye nyota ya punda, na ukishuka stendi hapa Mwanza hukosi kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme: mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kusafisha nyota, na namba ya simu chini yake. Mtoto akisema anataka kusomea nyota, mkubwa anaanza kuwaza tunguli.

Lugha yenyewe imechangia. Neno unajimu tunalitumia kwa mambo mawili: kuzichunguza nyota kama vitu vilivyoko angani, na kuzitazamia ili kujua bahati ya mtu. Falaki, tuliyoichukua kwa Waarabu, imepatwa na ajali ileile. Ni elimu ya nyota na sayari, lakini ukisikia fulani "anapiga falaki" ujue anapiga ramli. Ndiyo maana wengi sasa wanasema astronomia, na anayeifanya wanamwita mwanaastronomia. Neno refu kama treni ya mizigo. Mimi nimelichagua kwa sababu moja tu, kwamba halina mganga ndani yake.

Mwanaastronomia ni mtu ambaye kazi yake ni kupima mwanga na mawimbi mengine yanayotoka kwenye vitu vya angani, kisha kutokana na vipimo hivyo akaeleza vitu hivyo ni nini, viko mbali kiasi gani na vinabadilikaje. Hawezi kwenda kumega kipande cha nyota akakileta maabara. Karibu kila anachokijua kuhusu nyota amekisoma kwenye mwanga wake.

Bibi yuko jirani na kazi hiyo kuliko anavyodhani. Amenunua dagaa soko la Mwaloni Kirumba tangu kaka yangu akiwa shule ya msingi, na hahitaji kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea hawakusanyiki tena kwenye taa, wavuvi wanapumzika, vichanja vinabaki vitupu na bei inapanda. Giza likirudi, boti zinaingia ziwani na mama anatakiwa awe na hela mkononi. Mtaji wake wote unakwenda na mwezi. Wakulima nao walikuwa na Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililobanana, na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huko ni kutazama anga kwa makini, na ndiko astronomia ilikoanzia. Kinachoongezwa na mwanaastronomia ni namba: umbali gani, joto kiasi gani, kwa nini.

Umbali ndio mgumu, na hapo ndipo mwanamke mmoja alipowapita wanaume wote wa zama zake. Ili umwelewe, panda mawe ya Capri Point usiku wa giza utazame ziwani. Taa za wavuvi zimetapakaa kama mji mwingine juu ya maji. Ipi iko karibu, ipi iko mbali? Kama taa zote zingekuwa za aina moja, kazi ingekuwa nyepesi, maana taa ikienda mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo. Lakini hazifanani. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawa kabisa. Sasa fikiria kila taa ingekuwa inakolea na kufifia kwa mwendo wake, na ukagundua kwamba zile kubwa hufanya hivyo polepole na ndogo haraka. Ungehesabu tu sekunde, ukaijua nguvu halisi ya taa, ukalinganisha na inavyoonekana, ukapata umbali. Usingehitaji hata kasia.

Henrietta Swan Leavitt aligundua kwamba nyota fulani zinafanya hivyohivyo. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akichunguza vioo vya picha vilivyopigwa Arequipa, Peru. Kwenye kioo cha aina hiyo anga ni jeupe na nyota ni vidoa vyeusi. Unaweka kioo cha usiku mmoja juu ya kioo cha usiku mwingine, unashika lenzi ya kukuzia, unatafuta kidoa kilichonenepa au kukonda. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwanga katika Mawingu ya Magellan, makundi mawili ya nyota yanayoonekana angani kama vipande vya ukungu, moja kubwa na moja dogo. Mwaka 1912 akaonyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo, ambazo zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kwamba zinazong'aa zaidi huchukua muda mrefu zaidi kumaliza mzunguko wao wa kukolea na kufifia. Taarifa ilitoka kwa sahihi ya mkuu wa kituo, Edward Pickering, ingawa sentensi yake ya kwanza inakiri kwamba aliyeiandaa ni Miss Leavitt. Edwin Hubble alitumia kanuni hiyo miaka ya 1920 kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, nje ya galaksi yetu. Leavitt alikuwa ameshafariki, mwaka 1921.

Cheo chake kazini kilikuwa kompyuta. Ndiyo, kompyuta. Kabla neno hilo halijawa jina la mashine lilikuwa jina la mtu anayekokotoa, na pale Harvard watu hao walikuwa wanawake, kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo; Leavitt alilipwa senti 30 za dola kwa saa. Mmoja wao, Williamina Fleming, aliingia nyumbani kwa Pickering kama mfanyakazi wa ndani baada ya kuachwa na mumewe akiwa mjamzito. Mwaka 1888 aliona kwenye kioo cha picha lile wingu la angani lenye umbo la kichwa cha farasi. Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alizipanga kwa makundi nyota zipatazo 350,000, na herufi alizozipanga ndizo wanafunzi wa astronomia wanazikariri hadi leo. Darubini zenyewe zilikuwa mikononi mwa wanaume.

Usidhani hayo yaliishia enzi za vioo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, Uingereza, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye mita na mita za karatasi zilizochorwa na darubini ya redio, inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani, alizokuwa akizikagua kwa macho. Ilikuwa nyota inayopiga kama saa, kila sekunde 1.3, ya kwanza ya aina yake kujulikana. Nobeli ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Mwaka 2018 Bell alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni tatu, alizitoa zote kusomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyo nyuma. Mimi ningebaki na kidogo.

Leo wanawake ni kama mmoja kati ya watano katika chama cha kimataifa cha wanaastronomia. Afrika kuna mtandao wa wanawake wanaastronomia ulioanzishwa mwaka 2020 chini ya jumuiya ya astronomia ya bara hili.

Bibi alikuwa na swali la pili, la mama yeyote wa Mwaloni: "Na huko wanalipwa na nani?" Jibu la kweli ni kwamba ajira zenye jina hilo hapa Tanzania ni chache sana, nyingi zikiwa za kufundisha na kufanya utafiti vyuoni. Anayetaka kuingia hasa ajiandae kusafiri. Afrika Kusini kuna MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 jangwani Karoo, na mpango wa kitaifa wa kusomesha astrofizikia, yaani fizikia ya nyota, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Cape Town. Lakini kazi yenyewe imebadilika. Kituo cha kuangalia nyota cha Vera C. Rubin huko Chile, kilichopewa jina la mwanamke aliyewalazimisha wenzake kukubali kwamba galaksi zina maada isiyoonekana, kimejengwa kukusanya takribani terabaiti 20 za data kila usiku. Hakuna jicho la kuzimaliza. Wanaohitajika ni waandika programu, wahandisi wa mitambo ya kupokea mawimbi, watu wa takwimu. Kwa hiyo aliyesomea astronomia akakosa kazi ya nyota hakai bure: ujuzi huohuo unasoma picha za satelaiti za magugumaji ziwani, unahudumia rada za hali ya hewa, unakesha na mifumo ya benki na kampuni za simu.

Njia inapita kwenye tahasusi. PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo iliyonyooka zaidi, PGM (fizikia, jiografia na hisabati) nayo inafika, kisha shahada ya fizikia au hisabati, na kuandika programu kuanzia siku utakayoshika kompyuta. Kwa wanaong'ara kidato cha sita upande wa sayansi kuna ufadhili wa serikali uitwao Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Hapo ndipo binti yetu alipopigia mstari kwenye daftari lake. Fizikia anaipenda, hisabati wanavumiliana.

Wingu la Leavitt linaonekana hapahapa kwetu, bila darubini. Subiri giza la Januari, uende pembeni mwa mji, Igombe kwa mfano, kwenye saa tatu usiku. Ulipe ziwa kisogo utazame kusini. Ile nyota kali unayoiona juu upande wa kushoto ni Suheli, ambayo mabaharia wa pwani waliijulia kusini. Chini yake, kulia kidogo, kama ngumi mbili juu ya upeo wa macho ukiwa umenyoosha mkono, kuna ukungu hafifu kama moshi wa jiko lililosahaulika: Wingu Kubwa. Wingu Dogo liko kulia zaidi na chini zaidi, nalo linahitaji uvumilivu. Tulimpeleka bibi mwaka huu. Alilitazama kimya, kisha akasema giza limekaa vizuri, kesho twende Mwaloni mapema.