Spika haijui nyumba yako mpaka uiambie

Mi nafunga umeme na mifumo ya nyumba janja hapa Kigoma mjini, Mwanga, Katubuka, Gungu mpaka Ujiji huko, na kuna maneno kuhusu spika janja, zile unazoziamrisha kwa sauti, nimeyasikia kwa wateja mpaka nimeona niyaandikie kabisa: "Fundi, spika nshanunua, we njoo uiunganishe tu nyumba nzima iwe inanisikia." Wiki hii nimeambiwa tena na mtu anayejenga, tena akaongeza kwamba kwa kuwa ana spika basi hela ya waya na sensa (vile vifaa vya kuhisi kama kuna mtu) tuikate kwenye bajeti. Hapana jamani.

Spika ni masikio na mdomo, basi. Ndani ina maiki kadhaa, chipu ndogo inayosubiri jina lake liitwe, na wifi. Ukishaiita, sauti yako inapelekwa sehemu inageuzwa maandishi, yale maandishi yanatafutiwa maana (unataka nini, kwenye kifaa kipi, chumba gani), halafu kuna sehemu inaamua kama itende, ijibu au ikuulize, ndo mwisho kabisa amri inaenda kwenye balbu au swichi. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja iliyowahi kuiona nyumba yako. Haijui uani ni wapi, haijui kwamba feni ya chumba cha bibi haitakiwi kuwashwa usiku, haijui kuna watu sebuleni au hamna. Hayo yote kuna mtu lazima ayaingize, na sehemu kubwa ya kazi yangu na ya hela unayonilipa iko hapo.

Kuiamrisha mashine kwa sauti sio kitu kipya. Mwaka 1980 pale MIT, chuo cha Marekani, Richard Bolt na wenzake walitengeneza mfumo ambao mtu anakaa kwenye kiti mbele ya ukuta wenye picha, anasema weka hiyo pale, na inawekwa. Ulifanya kazi kwa sababu mkononi alikuwa amevaa kifaa kinachoonyesha ameelekeza wapi, kwahiyo "hiyo" na "pale" zilikuwa na jibu. Ukimtoa yule mtu kile kifaa cha mkononi, "hiyo" na "pale" hazina maana yoyote. Sasa we unasimama jikoni unasema "zima hiyo", spika iko sebuleni, taa zinazowaka ni nne, unategemea nini? Ili iweze kujua lazima iwe imeandikishwa iko chumba gani, sensa ya mwendo iseme mtu yuko wapi, na mfumo uwe unajua saa hii taa zipi zinawaka. Na ikiwa bado haina uhakika inatakiwa iulize "ya jikoni au ya koridoni?" isikilize jibu bila wewe kuanza upya. Mfumo usiouliza unabahatisha, na ukibahatisha mara mbili tatu familia inaacha kuutumia, spika inabaki ya kupigia muziki.

Kwahiyo nikija kwako kitu cha kwanza sishiki bisibisi, nashika daftari. Tunazunguka nyumba na mama mwenye nyumba, watoto na dada wa kazi, kila mtu aniambie kile kitu yeye anakiitaje. Baba anasema sebule, watoto sitingirumu, mmoja anasema taa ya uani mwingine anasema ya nyuma. Yote naingiza kama majina ya kifaa kimoja. Ukiacha majina ya kiwandani, taa moja, taa mbili, taa tatu, hakuna mtu atakumbuka, halafu utakuja kusema spika mbovu ukanunue ya bei kubwa zaidi, nayo itakuwa vilevile. Na msiite "taa kubwa" vyumba viwili, nawaomba sana.

Halafu hali ya vifaa. Umeme wetu unakatika na kurudi, balbu nyingi janja umeme ukirudi zinawaka zenyewe saa nane usiku, huku mfumo bado unaamini zimezimwa. Kuna setingi ya kuamua balbu ifanye nini umeme ukirudi, iweke "irudi ilivyokuwa", na kama haina usiinunue. Mtu akizima balbu janja kwenye swichi ya ukutani ndo imetoka hewani kabisa, unaweza kuita mpaka kesho. Dawa yake ni kuweka akili kwenye swichi yenyewe sio kwenye balbu, ila hapo swichi nyingi zinataka waya wa nyutro (unaorudisha umeme) na nyumba nyingi nilizofungua huku boksi la swichi lina laivu (unaoleta umeme) na waya wa kwenda kwenye taa tu. Unaejenga sasa hivi mwambie fundi wako ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ya plasta. Hiyo ndo bajeti yule bwana alitaka ikatwe.

Na Kiswahili chenyewe. Mpaka naandika hapa Alexa, ile ya spika za Amazon, haina Kiswahili kwenye lugha zake, kwahiyo anayekuuzia hiyo spika akakwambia ongea Kiswahili tu, anakudanganya. Kwenye simu ni tofauti, Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, na programu za bure kama Whisper ya mwaka 2022 zinajaribu pia, ila Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti na za Kiswahili zenye maandishi yake hazikufika hata 10, sasa msishangae ikikosea. Hata maandishi yakitoka sawa bado kuna mitego. Mtu akitengeneza mfumo unaotafuta "zim" kwenye sentensi, ukisema "usizime pampu" inazima pampu. Watu hawasemi "washa" tu, wanasema niwashie, hebu iwashe, naomba uwashe, mbona hujawasha, zote ziandikwe. Na saa! Mfumo uliotafsiriwa tu kutoka Kiingereza ukiuambia "washa taa ya nje saa moja jioni" unaelewa saa saba mchana, taa inawaka juani. Lazima kuwe na kanuni ya kuongeza saa sita. Mi kila nikimaliza kufunga najaribu na "saa kumi na mbili asubuhi", ikinishinda hapo sikabidhi kazi.

Kingine nachosikia ni "haitusikii sababu ya lafudhi yetu, sisi Waha tunavuta maneno". Lafudhi ina mchango wake sikatai, ila nikienda nyumbani kwa mtu mara nyingi nakuta spika imewekwa juu ya kabati la tv, sebule ina vigae, haina kapeti wala pazia zito, na juu ni bati bila dari. Kila ukiongeza umbali mara mbili sauti inayofika moja kwa moja kwenye maiki inashuka kama desibeli 6 (kipimo cha ukali wa sauti), halafu mwangwi wa vigae unavuruga kilichobaki, na mvua ikianza kwenye bati hata binadamu mwenzio hakusikii. Isogeze karibu na mnapokaa, iondoe kwenye kona na mbali na spika za tv, ndo tuongelee lafudhi. Wanaolalamikia sauti ya kujibu nao nawaambia, ile sauti ya Kiswahili ya bure kwenye Piper (programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti) ni ya Kiswahili cha Kongo, kwahiyo sisi watu wa ziwani walau tunaizoea haraka.

"Bila bando haifanyi kazi." Inategemea umefungiwa nini. Spika za kampuni kubwa nyingi zinapeleka sauti kwenye seva za nje, bando likiisha zinakaa kimya. Ila mfumo kama Home Assistant (programu ya bure ya kuendesha nyumba janja) ukikaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba, na balbu za Zigbee (zinazowasiliana kwa redio yao bila wifi), taa, ratiba na sensa zinaendelea bila intaneti, na hata sauti inawezekana ukiwa na kompyuta yenye nguvu kidogo. Rauta na hiyo kompyuta viunge kwenye inveta, usiviache kwenye umeme wa kawaida.

"Inarekodi kila tunachoongea siku nzima." Hapa watu wamegawanyika, kuna wanaoogopa kila kitu na kuna wasiojali kabisa, na wote hawajaelewa. Kabla ya kuitwa jina spika inasikiliza humohumo ndani, sekunde chache tu kwenye kumbukumbu zinafutika zikifuatiwa na nyingine. Ikishaamka ndo inatuma, na inaweza kuamka kimakosa ikisikia neno linalofanana. Na kinachotumwa kinaweza kusikilizwa na watu, mwaka 2019 ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple wote walikuwa na watu wanasikiliza vipande vya rekodi ili kuboresha mifumo, na 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 Marekani kwenye kesi ya kutunza sauti za watoto. Kwahiyo wenye gesti, naongea na nyie hasa, msiweke spika chumba cha mgeni bila kumwambia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, mgeni aliyelipia chumba ana haki ya kujua kuna maiki kando ya kitanda chake. Mi sifungi kama hakuna kitufe cha kuzima maiki kinachoonekana.

Mwisho ni wale wanaotaka tung'oe swichi za ukutani maana sauti inatosha. Sing'oi. Bibi anayekuja kusalimia toka Kasulu anatakiwa awashe taa ya choo usiku bila kujifunza jina la mashine, na mtoto aliyepoteza sauti kwa mafua naye vilevile. Pampu ndo kabisa, pampu ya kisima lazima iwe na floti swichi yake (swichi inayoelea kwenye maji) na kinga ya kukauka maji, amri ya sauti inakuja juu ya hapo, na mfumo urudie kwanza "niwashe pampu ya kisima?" usubiri ndiyo. Na geti, sauti yako sio ufunguo, spika inasikia chochote chenye sauti. Aprili 2017 tangazo la tv la Burger King huko Marekani liliziamsha spika za Google Home sebuleni kwa watu, na leo kuiga sauti ya mtu ni kazi ya programu ya kwenye simu. Kufunga geti kwa sauti naruhusu, kufungua naweka namba ya siri au kitufe kwenye simu, na mteja akikataa hilo naacha geti nje ya mfumo.