Vidonda vya kulalia: jeraha linaloanzia ndani ngozi ikiwa bado nzima

Mtu anayelala kitandani muda mrefu bila kujigeuza anaweza kupata kidonda kibaya bila kuungua, bila kukatwa na bila kuanguka. Kinachomjeruhi ni uzito wa mwili wake mwenyewe. Hicho ndicho kidonda cha kulalia, au kidonda cha mgandamizo kama wahudumu wengi wa afya wanavyokiita: ngozi na nyama iliyo chini yake imebanwa kati ya mfupa na kitu kingine, iwe godoro, kiti au hata mpira wa oksijeni, damu ikashindwa kupita, na sehemu hiyo ikaanza kufa.

Sisi tulio wazima hatupati vidonda hivi, na si kwa sababu magodoro yetu ni mazuri. Usiku tunajigeuza mara nyingi bila kujua. Mchana tukikaa sana, makalio yanaanza kuuma au kufa ganzi, tunaegemea upande wa pili au tunainuka. Mwili unalalamika, nasi tunautii. Sasa mfikirie mgonjwa wa kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo, mzee aliyedhoofika, au aliye kwenye dawa za usingizi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Huyu ama hausikii ule mlalamiko, ama anausikia na hana nguvu za kusogea, ama hawezi kumwambia mtu. Ile kazi ya kujigeuza inabidi mwingine amfanyie.

Damu hufika kwenye ngozi kwa mishipa midogo sana, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo pia, kwenye milimita 32 za zebaki hivi pale inapoingia. Mfupa unaochomoza ukiikandamiza kwa nguvu inayozidi hapo, mishipa inafunga. Ikifunga kwa dakika chache hakuna madhara, damu inarudi na mambo yanaendelea. Ikifunga kwa saa kadhaa, chembe za mwili zinakosa hewa na kuanza kufa. Na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mgandamizo huwa mkali zaidi karibu na mfupa, si juu kwenye ngozi, na msuli hauvumilii kukosa damu kama ngozi inavyovumilia. Kwa hiyo nyama iliyo ndani inaweza kuwa imekufa wakati juu unaona doa tu. Siku chache baadaye ngozi inafunguka, watu wanasema kidonda kimetokea ghafla. Hakikutokea ghafla. Ndiyo maana pia tundu dogo juu ya ngozi linaweza kuficha shimo kubwa chini yake.

Mahali pa kuangalia panajulikana, kwa sababu mifupa haihami. Kwa anayelala chali ni juu kidogo ya mfereji wa matako, visigino, mabega kwa nyuma, viwiko na kisogo. Kwa anayelala ubavu ni nyonga, kifundo cha mguu, sikio, na magoti kwa ndani yanapogusana. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ni ile mifupa miwili tunayokalia. Kisha kuna vifaa vyenyewe: mpira wa oksijeni unaopita nyuma ya masikio, barakoa inayobana mfupa wa pua, plasta ngumu ya mguu, mpira wa mkojo uliolaliwa na paja. Hivi husahaulika sana, kwa sababu jicho la mhudumu linaona kifaa kinafanya kazi na halioni kilicho chini yake.

Kukagua ni kazi ya mkono kuliko macho. Unapoona doa, libonyeze kwa kidole kama sekunde tatu kisha achia. Ngozi yenye afya hubadilika kuwa nyeupe kidogo, halafu rangi inarudi. Ikiwa wekundu umebaki vilevile, haukufifia hata kidogo, hiyo ni hatua ya kwanza ya jeraha japokuwa hakuna ngozi iliyochubuka. Lakini maelezo haya ya wekundu yanamfaa zaidi mtu mwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na jeraha likagundulika likiwa limeshafika mbali. Hili naliona ni jambo zito na halisemwi vya kutosha. Kwa mwenye ngozi nyeusi, ilinganishe sehemu hiyo na ngozi iliyo pembeni yake: je, imekoza zaidi au imekuwa ya zambarau? Inang'aa? Weka kiganja: ina joto kuliko pembeni, au imekuwa ya baridi? Bonyeza taratibu: imekuwa ngumu, au inabonyea kama yenye maji? Muulize mwenyewe kama panauma au panawasha. Akisema panauma, mwamini hata kama huoni kitu. Na uangalie kwenye mwanga wa kutosha, si gizani kwa kuona aibu.

Baada ya hatua ya kwanza, ya pili ni ngozi ya juu kuchubuka au kutoa lengelenge, ya tatu ni kidonda kuingia hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na ya nne ni msuli, kano au mfupa kuonekana. Wakati mwingine kidonda hufunikwa na gamba jeusi au uozo wa njano, na hapo hakuna anayeweza kusema kina chake mpaka kisafishwe. Jeraha la hatua ya kwanza linaweza kutulia kwa siku chache mgandamizo ukiondolewa. La hatua ya nne linaweza kuchukua miezi mingi, na vijidudu vikiingia kwenye mfupa au kwenye damu, linaua.

Mgandamizo haufanyi kazi peke yake. Chukua mgonjwa aliyeinuliwa kichwa cha kitanda ili ale, kisha akaachwa hivyohivyo. Polepole anateleza kuelekea miguuni. Mifupa yake inashuka, lakini ngozi ya kitako imenata kwenye shuka na haishuki nayo. Katikati hapo nyama inavutwa huku na huku, na mishipa ya damu inavutika na kupindika mpaka inafunga. Mvutano huu unaumiza sana na hauonekani kwa nje. Dawa yake ni kukishusha kichwa cha kitanda hadi nyuzi 30 au chini ya hapo baada ya chakula kushuka, isipokuwa daktari ametaka vingine kwa sababu ya kupumua au hatari ya kupaliwa, na kuinua kidogo sehemu ya magoti ili asiteleze. Anapohitaji kupandishwa juu, wawe watu wawili, wamnyanyue kwa shuka lililokunjwa chini yake. Kumburuta kwa kumshika makwapa kunachuna ngozi.

Unyevu nao unalainisha ngozi mpaka inakosa ukinzani. Mkojo na kinyesi ndivyo vibaya zaidi. Mbadilishe mapema, msafishe kwa maji na sabuni isiyo kali, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka mafuta mazito yanayozuia maji.

Kuhusu kugeuza, kuna kipimo cha kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, na kina historia. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule watu waliopooza kwa jeraha hilo hawakutarajiwa kuishi muda mrefu, na vidonda hivi pamoja na maambukizi ya njia ya mkojo ndivyo vilivyokuwa vikiwamaliza. Yeye akataka wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Leo kipimo hicho bado ni mahali pazuri pa kuanzia, ila si sheria kwa kila mtu: mwenye ngozi inayoonyesha alama baada ya saa moja na nusu anahitaji kugeuzwa mapema zaidi, na aliye kwenye godoro zuri na ngozi yake inatulia anaweza kuvumilia zaidi. Ngozi yenyewe ndiyo itakayokuambia.

Usimlaze ubavu moja kwa moja, maana uzito wote utaangukia nyonga. Mwinamishe kama nyuzi 30 tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti. Visigino viwe hewani kabisa: mto ukae chini ya vigimbi vya miguu, kisha pitisha mkono chini ya kisigino uone kama unapita bila kugusa. Anayekaa kwenye kiti ainuliwe, au ainame mbele na pembeni, kila dakika 15 hadi 30, na akae hivyo dakika moja au mbili ili damu irudi. Kujiinua kwa sekunde chache hakutoshi.

Kuna mambo yanayofanywa kwa nia njema yakaharibu. Kusugua au kukanda sehemu iliyobadilika rangi kunararua mishipa iliyokwisha kuumia. Mto wa duara wenye tundu katikati unahamishia mgandamizo kwenye ukingo wake na kuzunguka sehemu ile kwa pete inayozuia damu. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii. Godoro la hewa linasaidia kweli, lakini halimgeuzi mtu.

Chakula huwa kinasahaulika. Mwili usio na protini hauna cha kujengea ngozi. Mtu mzima aliye hatarini hushauriwa apate gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 50 afikie gramu 63 hadi 75, ingawa mwenye ugonjwa wa figo lazima aongozwe na daktari wake. Maji pia, kwa kiasi anachoruhusiwa.

Kidonda kikishafunguka, usikimwagie spiriti wala usikiache wazi kikauke. Kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi, kifunikwe kwa bandeji inayotunza unyevu, na mgonjwa asikilalie tena. Gamba jeusi lililo kavu na kushikana vizuri kwenye kisigino lisibanduliwe nyumbani. Harufu mbaya, usaha, wekundu au joto linalosambaa, homa, au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa ni sababu ya kumfikisha kwa daktari siku hiyohiyo.

Vidonda vingi vya namna hii vinazuilika. Vyote, hapana. Mtu anapokaribia mwisho wa maisha ngozi nayo hushindwa kama figo na moyo vinavyoshindwa, na kidonda kinaweza kutokea mikononi mwa mhudumu asiyekosea chochote. Wakati huo ratiba ya kugeuza inapangwa upya kwa kuangalia maumivu yake: apewe dawa ya kutuliza mapema ili iwe imeanza kufanya kazi kabla hajaguswa, ageuzwe taratibu, na kama kuna upande mmoja tu anaopumzika bila kuumia, alazwe upande huo.