Harufu ya adui huongeza umri wa somo: kumbukumbu ya konokono

Konokono akisikia harufu ya mnyama anayemla, huenda asijifunze jipya lolote. Kinachobadilika ni muda ambao somo lake linakaa. Wanaofundisha biolojia hapa Bukavu wakazie hapo, kwa sababu ni rahisi kudhani harufu yenyewe ndiyo somo.

Aliyepimwa sana ni Lymnaea stagnalis, konokono wa maji baridi, hasa katika maabara ya Ken Lukowiak, Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Ana pafu, sawa na konokono Biomphalaria wa kandokando ya Ziwa Kivu. Maji yakipungukiwa oksijeni, hupanda juu na kufungua kitundu cha pumzi ukingoni mwa gamba.

Anafundishwa asikifungue. Unatia mililita 500 za maji katika chombo cha lita 1, unapulizia naitrojeni dakika 20 ili oksijeni itoke, kisha unamtia konokono. Kila kitundu kikifunguka, unakigusa kwa kijiti. Kiguse kidogo tu, kiasi cha kujifunga. Ukimchoma hadi ajikunyate ndani ya gamba, umeharibu zoezi: hatapanda tena, na hutajua kama amejifunza au ameogopa.

Kipindi kimoja cha nusu saa humwachia kumbukumbu ya saa chache. Kesho yake imepotea. Vipindi viwili vilivyoachana saa 1 huifikisha saa 24. Lakini akifundishwa katika maji alimokaa kamba wa maji baridi, yule mwenye magando, kipindi kimoja kinatosha kufika kesho yake. Kumbukumbu hiyo ndefu hudai seli itengeneze protini mpya kutoka kwenye jeni zake. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika seli moja ya neva, iitwayo RPeD1: ukiondoa mwili wa seli hiyo, ukiacha nyuzi zake, konokono hujifunza bado, ila kumbukumbu ndefu haijengeki.

Adui awe wa kwao. Konokono ambao mababu zao hawakuishi na kamba hawaishtukii harufu yake, na kamba huyo hana asili Afrika bara. Kwa konokono wa Kivu, anza na mnyama anayewala huku.

Weka pia konokono wa kulinganisha, anayeguswa pale mwenzake anapofungua kitundu, si pale anapofungua yeye. Usitumie maji ya mvua: hayana kalsiamu ya kutosha, na upungufu huo peke yake huzuia kumbukumbu ndefu. Na wale wa ziwani washike kwa glavu, maana Biomphalaria hubeba vimelea vya kichocho.